Eti watazoea!

Kila mpenzi wa gemu za mtandaoni amewahi kutupiwa jibu hili. Gemu yake imebadilishwa, amenung'unika, na mara anaambiwa kwamba binadamu kwa kawaida hapendi mabadiliko, kwa hiyo atulie, baada ya miezi mitatu atazoea. Wanaolitoa ni wengi: watengenezaji wenyewe, waandishi wa habari za teknolojia, na yule rafiki anayecheza mara moja kwa mwezi halafu anajipa ujaji. Raha ya jibu hili ni kwamba halimlazimishi anayelitoa kusikiliza chochote. Lalamiko linageuzwa kuwa maradhi ya mlalamikaji, na dawa ni kumsubiri apone.

Mimi nasema ni jibu la kivivu, na zaidi ya uvivu, si la kweli. Ushahidi nautoa kwenye Overwatch, gemu ya kufyatuliana risasi ya kampuni ya Blizzard ya Marekani, kwa sababu hapo imani hii ilipewa nafasi yote ya kujithibitisha, ikashindwa mchana kweupe.

Kwa msioijua (najua huku kwetu wengi mmekulia kwenye Free Fire na PUBG Mobile): Overwatch ilitoka tarehe 24 Mei 2016. Watu sita kwa sita, kila mmoja na shujaa wake mwenye silaha na ujuzi wake. Kuna wanaotangulia mbele na kubeba risasi kwa niaba ya wenzao, ndio wanaoitwa tanki. Kuna washambuliaji. Kuna waganga. Gemu ilikuwa ya kulipia. Unanunua mara moja, basi, mashujaa wote ni wako pamoja na watakaokuja. Ilianza na mashujaa 21. Kufikia Aprili 2020, alipoingia Echo, walikuwa 32.

Tutulie kidogo kwenye hesabu hiyo. Watu hawa hawa wanaosemwa kwamba wanaogopa mapya walipokea mashujaa 11 wapya ndani ya miaka minne, na baadhi yao walipindua gemu nzima. Alipoletwa Brigitte mwaka 2018, timu kubwa zikagundua kwamba zinaweza kuwaacha washambuliaji wote benchi na kuingia na tanki watatu na waganga watatu, wasiouawa kirahisi na wasiotazamika. Mwaka 2019 Blizzard ikaweka sheria: tanki wawili, washambuliaji wawili, waganga wawili, hakuna kuvuka. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko mengi yaliyofuata. Zogo lilikuwepo, ndiyo, lakini gemu iliendelea, maana mchezaji aliona ni tatizo gani linatatuliwa na linamsaidia nani. Mtu asiyependa mabadiliko hakai kwenye gemu ya namna hii hata wiki.

Sasa njoo kwenye toleo la pili. Novemba 2019, jukwaani kule California, mkurugenzi wa gemu, Jeff Kaplan, alieleza kwa nini kutakuwa na Overwatch 2. Sababu kubwa ilikuwa hadithi: wachezaji wataungana kupigana na maroboti, mashujaa watakua na kujifunza mbinu mpya. Upande wa mashindano, wenye gemu ya zamani waliahidiwa ramani zile zile na mashujaa wale wale, na watacheza pamoja na walionunua mpya. Baada ya hapo gemu ya zamani ikaachwa ikonde. Echo akawa shujaa wa mwisho kwa zaidi ya miaka miwili. Kaplan mwenyewe aliondoka Aprili 2021.

Tarehe 4 Oktoba 2022 Overwatch 2 ikaja, ya bure, na ya kwanza ikazimwa. Haikuwekwa pembeni, ilizimwa. Ile diski uliyoilipia mwaka 2016 haikuwa na kitu kingine cha kufungua isipokuwa hii mpya. Kwa hiyo ile hoja nyingine ya mezani, kwamba usiyependa jipya ubaki na lako la zamani, hapa haina pa kusimama. Na zile ngwe za hadithi zenye mashujaa wanaokua, zilizokuwa ndiyo sababu ya kuwepo kwa namba mbili kwenye jina, zilifutwa kwa tangazo la Mei 2023. Miezi mitatu baadaye vipande vitatu vya hadithi viliuzwa kwa dola 15.

Lakini tuliweke hilo la ahadi kando, maana uongo wa kibiashara kila mtu anaujua. Linaloniuma ni la usanifu: sita kuwa tano.

Sababu ya kiufundi ilikuwepo, na si ya kipuuzi. Kazi ya tanki ina watu wachache siku zote. Kila timu ikihitaji tanki wawili, mshambuliaji anakaa foleni muda mrefu akisubiri wapatikane. Ukiondoa tanki mmoja, foleni inapungua. Hesabu safi kabisa. Tatizo ni kwamba ilipigwa na mtu anayetazama foleni, hakuna aliyetazama waliokaa chumbani wakicheza.

Chukua jamaa sita wanaocheza pamoja kila Ijumaa usiku tangu 2016. Wengine wameoa, mmoja kahamia mji mwingine, lakini Ijumaa vipaza sauti vinawashwa na wako pale. Ni kama watu wanne waliozoea jamvi moja la karata, wawili kwa wawili, kisha mwenye karata anakuja na kutangaza kwamba kuanzia leo wanacheza watatu tu. Nani ainuke? Siku ya kwanza watapeana zamu. Siku ya tano yule mwenye haya atasema hana nafasi leo, chezeni tu. Hakuna takwimu ya kampuni itakayoonyesha kilichotokea hapo, kwa sababu akaunti yake bado ipo na huenda bado anafungua gemu mara moja moja. Ila kundi limekufa. Unamwambia huyu atazoea nini hasa? Kukaa nje?

Na hata kwa aliyebaki ndani, kiti cha tanki kiligeuka kuwa kitu kingine. Zamani Reinhardt, lile jitu la nyundo, aliinua ngao yake pana akatembea mbele, na nyuma yake Zarya akasubiri. Reinhardt akijitosa, Zarya anamvika kiputo cha kinga, na kila risasi inayogonga kile kiputo inamwongezea Zarya nguvu ya kupiga. Unasikia maneno mawili tu: "Nenda, nimekufunika." Ile ilikuwa mazungumzo baina ya watu wawili, na watu wasiojuana walikutana mara moja wakaelewana, wakaombana urafiki, wakacheza pamoja miaka. Toleo la pili limemwacha mmoja peke yake. Timu ikishindwa, wenzake wanne wanajua wa kumlaumu ni nani. Wapinzani nao wana kazi moja, kuchagua mashujaa wanaomkomesha yeye, na akibadilisha wanabadilisha. Watu walikuwa hawapendi kazi hii hata walipokuwa wawili. Sasa umemwongezea anayeifanya lawama na umemnyima mwenzi. Kisha unashangaa kwamba inabidi gemu iwape zawadi watu ili wakubali kuingia kama tanki.

Kwa hiyo lile lililotengenezwa kuponya uhaba wa tanki lilimfanya tanki awe mtu mpweke kuliko wote uwanjani. Hili wachezaji walilisema mapema. Walioambiwa wana hofu ya mabadiliko ndio waliokuwa wanasoma mchoro wa jengo.

Na mlango wa kuingilia? Mashujaa wapya sasa walifungiwa ndani ya pasi ya msimu. Kiriko, mganga aliyekuja na toleo hili, alikuwa ngazi ya 55 kwa asiyelipa. Mwenye takriban dola 10 alimpata papo hapo. Hapa ndipo wengine husema ni haki, gemu ni ya bure, kila biashara inataka faida. Sawa. Lakini Overwatch ni gemu ambayo silaha yako kubwa ni kubadilisha shujaa katikati ya pambano ili kumjibu mpinzani. Ukinifungia shujaa, hujaninyima pambo, umeninyima jibu. Kuuza nguo za mashujaa ni biashara. Kuuza jibu ni kubadilisha sheria za mchezo kwa mwenye pesa na asiye nazo.

Halafu kulikuwa na kituko cha namba ya simu. Ili ucheze ulitakiwa uwe na laini iliyosajiliwa kwenye akaunti, na laini za malipo ya kabla hazikukubaliwa. Sasa fikiria sharti hilo likisomwa Mwanza au Mombasa, ambako karibu kila mtu anaishi kwa vocha. Wala haikuhitaji kufika huku: kelele zilianzia Marekani kwenyewe, kwa watu wa vipato vya chini wenye laini kama zetu, na ndani ya siku chache Blizzard ililiondoa sharti kwa wachezaji wengi wa zamani. Hawakuzoea wachezaji. Ilizoea kampuni.

Mtetezi wa imani hii ana kadi moja ya mwisho: idadi. Blizzard ilitangaza wachezaji zaidi ya milioni 25 katika siku 10 za kwanza. Ukifungua duka ukasema kila kitu bure, umati utajaa. Hilo halithibitishi kwamba wateja wako wa zamani wameridhika, wala kwamba bado wapo. Agosti 2023 gemu ilipoingia kwenye duka la Steam, ambako kila mchezaji anaweza kuandika maoni yake hadharani, ndani ya siku chache ilikuwa miongoni mwa gemu zenye maoni mabaya kuliko zote katika historia ya duka hilo. Mengi yaliandikwa kwa Kichina. Wachezaji wa China walikuwa wamefungiwa seva zao Januari mwaka ule baada ya mkataba wa Blizzard na kampuni ya Kichina ya NetEase kumalizika, na pale Steam palikuwa mahali pa kusema. Jamii nzima iliyopoteza uwanja, unaiita watoto wanaodeka.

Sidai kwamba kila mlalamikaji ana haki. Wapo wanaolia kwa sababu shujaa wao kapunguzwa nguvu asilimia kidogo, na hao, kwa kweli, watazoea. Lakini angalia Counter-Strike 2, iliyochukua nafasi ya Counter-Strike: Global Offensive mwezi Septemba 2023. Moshi wa mabomu ulibadilishwa kabisa: sasa unajaza chumba kwa umbo la chumba, na guruneti likilipuka ndani yake linatoboa tundu unaloweza kuchungulia na kufyatua. Hilo linagusa mbinu walizojifunza watu kwa miaka kumi, na wengi walilipokea kwa furaha. Walichokasirikia ni kupotea kwa aina ya mchezo iliyoitwa Danger Zone, na wenye kompyuta za Mac kutupwa nje. Valve, kampuni yenye gemu hiyo, ilieleza kwamba hao, ukiwajumlisha na wenye mashine za kizamani, hawafiki asilimia moja ya wachezaji. Yaani wapenzi wale wale, gemu ile ile, mwaka ule ule: jipya lililoongeza la kufanya likakumbatiwa, jipya lililomfukuza mtu likapigwa vita. Hofu ya mabadiliko haiwezi kueleza tofauti hiyo.

Na kama kuzoea kungekuja, Overwatch ilipewa muda wa kutosha. Aprili 2024 mashujaa wote wakafunguliwa bure kwa kila mtu. Desemba 2024 ikatoka Marvel Rivals ya NetEase, watu sita kwa sita, mashujaa wote bure tangu siku ya kwanza, na wachezaji wakamiminika. Mwezi huo huo Blizzard ilianza kujaribu tena sita kwa sita kwenye toleo la pili lenyewe. Februari 2025 vikarudi hata visanduku vya bahati vilivyoondolewa mwaka 2022. Hatua baada ya hatua, kampuni ikarudia njia iliyoambiwa isiiache.

Cha ajabu ni kwamba Blizzard ilikuwa imeshafundishwa somo hili na wachezaji wake wengine. Mwaka 2013 mtu aliyeomba seva za World of Warcraft ya zamani alijibiwa hadharani na J. Allen Brack, mmoja wa wakuu wa gemu hiyo, kwamba anafikiri anaitaka, lakini haitaki. Miaka minne baadaye Brack yule yule alipanda jukwaani kutangaza World of Warcraft Classic, na ilipofunguliwa Agosti 2019 watu walipanga foleni za saa nyingi kuingia. Hiyo ni miezi isiyofika mitatu kabla Overwatch 2 haijatangazwa. Gemu ya zamani na mpya zinaendeshwa na kampuni moja, kwa malipo yale yale ya mwezi, na kila mtu anakaa anapopapenda.

Watu wa Overwatch walipewa kionjo. Novemba 2024, kwa wiki chache, Blizzard ilifungua Overwatch: Classic: sita kwa sita, mashujaa 21 wa mwanzo. Kisha ikafunga. Nataka ifunguliwe na iachwe wazi, seva ndogo, bila mapambo mapya, bila pasi ya msimu, kwa kila aliyeilipia mwaka 2016.