Kagua Kamba za Tanga

Ndugu mvuvi, upepo wa kusi huanza mwezi wa Aprili. Ni upepo mkali. Kabla haujaanza, kagua kamba za mashua yako, hasa kama ni ya zamani.

Kamba ya kwanza ni henza. Henza hupandisha foromali na tanga. Huchakaa upesi mahali inapopita kwenye kapi, juu ya mlingoti. Ishushe. Isokotoe kidogo, utazame ndani. Ukiona unga au nyuzi zilizokatika, usiitumie tena. Tazama pia kapi. Gurudumu lake likikwama, hula kamba.

Kamba ya pili ni demani. Demani huvuta pembe ya nyuma ya tanga. Usiifunge kwa fundo gumu. Ishike mkononi, au ifunge kwa kitanzi kinachofunguka kwa kuvuta mara moja. Upepo ukija kwa ghafula, ilegeze upesi. Demani isipofunguka, mashua hupinduka na watu huzama.

Kamba za katani huoza zikikaa na maji. Zianike. Kamba za nailoni huharibiwa na jua. Ziweke kivulini.

Kazi hii ni ya asubuhi moja. Ifanye mashua ikiwa imepwelewa. Usingoje kamba ikatike baharini.