Okestra ya Kinshasa si Kioja

Katika mkutano wetu uliopita ilitajwa okestra ya Kinshasa. Mwenzetu mmoja akasimama na kusema kwamba walimu wa Kiswahili hatuna haja na fidla za Wazungu. Mwingine akamjibu kwa kuisifu okestra hiyo, na sifa zake zote zikawa juu ya waya za breki za baiskeli. Sisi hatukubaliani na yeyote kati ya hao wawili, na huyu wa pili ametuudhi kuliko wa kwanza.

Kwa wasioijua habari yenyewe, Orchestre Symphonique Kimbanguiste iliundwa mwaka wa 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi yake. Yeye ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri ambaye Wabelgiji walimhukumu kifo mwaka wa 1921, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alikaa kifungoni miaka 30, akafia Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Elisabethville ndiyo Lubumbashi ya leo, mji ambao Kiswahili ni lugha yake ya sokoni na ya nyumbani. Ni kweli Kinshasa husema Kilingala, lakini asituambie mtu kwamba mambo ya ukoo huo yako mbali nasi.

Tumjibu kwanza yule wa fidla za Wazungu. Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka wa 1905, na fidla imelia katika taarabu tangu enzi za wazee wetu. Mbona hatujasikia mtu akiitaka irudishwe ilikotoka? Tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na taarifa hii tunaiandika kwa herufi za Kirumi. Tena okestra hiyo haikudondoka kutoka mawinguni. Kanisa la Kimbangu lilikuwa na bendi zake za matarumbeta na vikundi vya filimbi kabla ya hapo, na kwaya zake zilikuwa zimezoea kuimba kwa sauti nyingi. Ndugu yetu huyu ana haki ya kutoupenda muziki wa Beethoven. Hana haki ya kumwambia mtu wa Kinshasa apige nini.

Sasa tuje kwenye waya za breki. Mwaka wa 2010 ilitoka filamu ya Wajerumani iitwayo Kinshasa Symphony, ikaionyesha dunia jinsi watu hao walivyojifunza Simfonia ya Tisa ya Beethoven huku umeme ukikatika. Mwaka wa 2013 Royal Philharmonic Society ya London ikampa Diangienda uanachama wa heshima. Tangu wakati huo kila mgeni anayesimulia habari zao huanza na waya uliofungwa penye fidla baada ya uzi kukatika, na wengi huishia hapo hapo. Wenzetu nao wameipokea hadithi hiyo na kuipenda. Lakini waya ule ulikuwa shida! Hakuna mpigaji anayeuchagua iwapo uzi upo. Anayeusifu waya anaisifu dhiki ya mwenziwe, na kazi yenyewe ameiacha bila kuitaja.

Na kazi yenyewe ilikuwa ualimu. Wengi wa waliojiunga hawakuwa wamepata kusoma noti. Wachache waliojua kidogo waliwafundisha wasiojua. Fidla zilikuwa chache kuliko mikono, basi mtu alipiga kwa muda wake kisha akampisha aliyekuwa akingoja. Noti zilinakiliwa kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, kwa kila mpigaji. Fundi wao alizichunguza fidla kubwa za sauti nzito, akaunda nyingine kwa kuzifuatiza. Watu hao walikuwa na kazi zao za mchana, nao walikuja mazoezini jioni, wengine kwa miguu. Hayo yalikwenda miaka kadhaa kabla ya kamera yoyote kufika.

Sisi walimu tuna sababu ya kuona haya hapo. Katika shule moja tunayoifahamu, vipindi viwili vya nyimbo na ngoma vilifutwa katika ratiba, saa zake zikapewa hesabu. Sababu iliyoandikwa ni kwamba shule haina ala za muziki. Ngoma ilikuwapo stoo, na wanafunzi walikuwa na sauti zao, lakini karatasi ile ilipopitishwa kwetu tuliitia sahihi wote. Hatukulazimishwa na mtu.

Kwa hiyo mkutano ujao tutaomba jambo moja tu liwekwe katika ajenda: kila mwanachama alete ratiba ya shule yake, na aonyeshe vipindi vya muziki viko siku gani. Ndugu yetu wa waya za breki tunamwomba awe wa kwanza kuisoma yake. Sisi tutakuja na ile yenye sahihi zetu.