Twende Sokoni kwa Miguu: Siku Moja Mbarara

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia hautakaa nyumbani. Tunavaa viatu, tunafunga mlango, tunaenda Mbarara kutembea masoko. Hakuna mtu wa kutuongoza, hakuna gari la mradi. Ni miguu yetu, macho yetu na pesa kidogo iliyo ndani ya mfuko.

Najua wengine watasema: «Sisi tunakosa unga, na wewe unatuletea habari za matembezi?» Ni swali la haki. Tangu chakula cha msaada kilipopunguzwa mwaka 2023, na watu wengi kukatwa kabisa mwaka 2025, wengi wetu tumeingia katika biashara ndogo ndogo. Huyu anauza nyanya, yule sabuni, mwingine anashona. Sasa, mtu anayeuza bila kujua bei ya mjini ni sawa na anayepika gizani. Anaweza kutia chumvi mara mbili.

Nina jirani yangu, mama mshonaji. Zamu yake ya likelemba ilipofika alichukua pesa yote, akapanda gari kwenda Mbarara kununua vitenge. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Aliposhuka tu, muuzaji mmoja akamwita kwa Kiswahili: «Mama, karibu!» Kusikia lugha yake kulimfurahisha sana, akanunua vyote pale pale. Halafu akaenda kutafuta choo. Njiani, si mbali, akaona vitenge vile vile, rangi ile ile, kila kipande kimepungua shilingi elfu nne. Alirudi Rubondo kimya. Baada ya wiki mbili ndipo aliniambia: «Nilisikia haya. Ile pesa ilikuwa jasho la wamama kumi.»

Kosa lake lilikuwa moja tu: alinunua kabla hajatembea. Safari ya pili tulienda pamoja, mimi na yeye na binti yangu wa miaka tisa. Ndiyo safari ninayotaka kuwaeleza, ili nanyi mkienda msilipe ada ile aliyolipa jirani yangu.

KABLA HUJATOKA

Kwanza karatasi. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi, na upite ofisi ya kamanda wa kambi, kwa watu wa OPM, uulize barua ya ruhusa ya kusafiri. Usingoje asubuhi ya safari, nenda siku chache mbele. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea na kufanya kazi, lakini kanuni za 2010 zinataka anayekaa katika makazi kama yetu aage anapotoka. Ukiulizwa njiani, karatasi inasema kwa niaba yako.

Pili, andika orodha nyumbani: ninataka nini, ngapi, na hapa Rubondo bei yake ni kiasi gani. Bila bei ya hapa, ile ya mjini haitakuambia kitu.

Tatu, gawanya pesa. Nauli ya kurudi iweke peke yake, ndani kabisa, na usiiguse hata ukiona kitu kizuri namna gani. Kama unaenda na mtoto, andika namba ya simu kwenye karatasi uitie ndani ya nguo yake. Beba maji ya kunywa uliyoyachemsha.

ASUBUHI: SOKO KUU

Toka mapema. Vumbi letu mnalijua, halafu gari likikamata lami ya barabara ya Kikagati kiuno kinapumzika. Njiani waonyeshe watoto mashamba ya ndizi ya Isingiro. Wilaya hii ni moja ya zile zinazolisha Uganda matoke. Kwa hiyo ukifika mjini ukaona mikungu mizuri, itazame tu. Imetoka upande wetu, imelipiwa gari, haiwezi kuwa rahisi kuliko hapa. Samaki pia, ukitaka ngege mbichi, ziwa la Nakivale liko karibu yako zaidi.

Mbarara ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Ukishuka kwenye taksi usikubali kila bodaboda anayekuvuta mkono. Uliza «Central Market», kila mtu anaijua. Soko kuu limejengwa upya kuwa la ghorofa, katika mradi wa serikali wa masoko uliosaidiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Waliotembea Kadutu kule Bukavu, au Virunga kule Goma, au soko kuu la Bujumbura kabla halijaungua Januari 2013, watajisikia kama wamerudi mahali wanapopajua. Kelele ni zile zile, wamama wenye sauti kubwa ni wale wale.

Hapa fuata kanuni yetu: mzunguko wa kwanza ni wa macho, wa pili ndio wa mfuko. Pita kila safu. Uliza bei kwa watu watatu wa kitu kimoja, andika, sema asante, endelea. Usione haya, kuuliza si ujinga. Jirani yangu alikuwa anataka kusimama penye vitenge vya kwanza, nikamshika kanga: «Twende kwanza, dada. Havitakimbia.»

Angalia pia vipimo. Kule kwetu Kivu tumezoea kopo la Guigoz, hapa utakuta kilo, kikombe cha plastiki na fungu. Kikombe kitazame ndani, kuna vingine vimebonyezwa chini. Fungu la nyanya lizungushe, maana nzuri zinakaa juu na zilizopondeka zinajificha. Mukene, wale dagaa wakavu, waonje kwa pua na uangalie kama kuna mchanga. Si ndagala wa Tanganyika, watu wa Uvira mtanisamehe, lakini kwa sombe wanafaa sana.

LUGHA YA SOKONI

Wenyeji wanasema Kinyankole. Salimia kwanza: «Agandi?» Ukimaliza sema «Webare munonga», asante sana. Mama mwite nyabo, baba mwite sebo. Utaona uso unafunguka, na mara nyingi bei nayo inafunguka kidogo.

Jihadhari na neno moja: rukumi. Sisi tukisikia «kumi» ndani yake tunafikiri ni kumi. Hapana, ni elfu moja. Kama hamwelewani, andika namba kwenye simu mwonyeshane.

Kiswahili chetu nacho kisikutie aibu. Zamani hapa Uganda watu wengi walikihesabu lugha ya askari. Lakini Julai 2022 baraza la mawaziri lilikubali kiwe lugha rasmi, kama Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyoagiza. Wafanyabiashara wengi wanakijua. Ila jirani yangu atakuambia: anayekuita kwa lugha yako si lazima awe ndiye mwenye bei nzuri.

MCHANA: BARABARANI

Kutoka soko kuu tuliingia barabara za maduka, High Street na Makhan Singh na vichochoro vyake. Hapa ndipo pa kutazama ndoo, sabuni, madaftari, betri na vyombo. Ukiona duka ambalo watu wanatoka na katoni nzima, ingia uulize bei ya jumla ni kuanzia vipande vingapi. Wakati mwingine ni sita tu, na wewe ulifikiri ni mia.

Simameni pia mahali ambapo hamnunui kitu. Tulikaa karibu na vijana wanaotengeneza simu, binti yangu akatazama mpaka nikamwita mara tatu. Jirani yangu alisimama mbele ya mshonaji wa kiume akaangalia namna anavyokata kola bila kuharibu kitambaa. Somo lile halikulipiwa hata shilingi. Mtoto mwonyeshe pia ile sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu kwenye mzunguko wa barabara. Watoto wanapenda, na ni bure.

Chakula cha mchana kiwe chepesi: chapati na maharage, ile wanaita kikomando, au roleksi ya yai. Kama kuna bushera safi, kunyweni, mtama unashiba.

Baadaye tulienda Rwebikoona, soko jingine, kwa kuuliza njia. Ni soko la vyakula zaidi, na hapo unaweza kulinganisha na bei ulizoandika asubuhi. Vitu vinavyooza, kama nyanya na mboga, bei yake huteremka jua linapoteremka. Lakini msingoje sana, njia ya kurudi ni ndefu.

Ilikuwa hapo, penye kabeji zilizopangwa kama ukuta, binti yangu aliniuliza: «Mama, hawa watu wote banapangaka laini wapi?»

Sikumwelewa mara moja. Akarudia: laini ya kuchukua hivi vyakula iko wapi, na kadi zao ziko wapi? Huyu mtoto amezaliwa Rubondo. Tangu kuzaliwa ameona chakula kinafika kwa gari, kinapimwa kwa majina, watu wamesimama kwenye jua. Alifikiri ndivyo chakula kinavyofika duniani kote. Nilimwambia hakuna laini, huyu mama amelima au amenunua kwa aliyelima, na sisi tukitaka tunalipa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: «Basi na sisi tunaweza kuziuza.»

Wazazi, maneno yale yalinifanya niseme kuwa nauli ya mtoto haikupotea. Tunawapeleka shule, ni vizuri, lakini kuna somo ambalo haliko ubaoni. Mtoto akijua tu kupokea, siku mkono wa kupokea utakapobaki mtupu atafanya nini?

JIONI: HESABU

Kabla ya kupanda gari tulikaa kivulini tukapiga hesabu. Nawaandikia kwa mfano, nanyi mtatia bei zenu.

Tuseme kwenda na kurudi na chakula cha njiani vinakula shilingi 30,000. Tuseme pia kila kitenge unakipata mjini kwa bei iliyopungua 4,000 kuliko hapa. Ukinunua 7, umepata nafuu ya 28,000, maana yake umepoteza 2,000 na siku nzima. Ukinunua 8, umepata 32,000, umebakiza 2,000 tu. Kwa hiyo anayetaka vitenge vitatu asiende peke yake, bei ya Rubondo ni afadhali kwake.

Lakini wakiwa wamama watatu wanamtuma mmoja, kila mtu anachangia 10,000 ya safari. Hapo hata vitenge vitatu kwa kila mtu vinarudisha 12,000. Hivyo ndivyo jirani yangu anavyofanya sasa. Wameungana watatu, wanapokezana, wanaandika daftari moja mbele ya wote. Anayekwenda lazima arudi na bei za maduka matatu, si moja. Hasara ya mara ya kwanza hajairudisha yote. Anairudisha pole pole, na likelemba yake hajawahi kuikosa.

Mtauliza: kwa nini kutembea siku nzima, si tungepiga simu kuuliza bei? Simu itakuambia bei ya mtu mmoja. Haikuonyeshi kikombe kilichobonyezwa, haikufundishi kukata kola, na haimpi mtoto nafasi ya kuuliza lile swali.

Jijini kunapita mto Rwizi. Maji yake yanateremka mashariki, upande wa ziwa Mburo na vinamasi vinavyoshikana na Nakivale yetu. Nilimwambia binti yangu: unaona, hata maji ya Mbarara yanajua njia ya kwetu. Naye akanijibu kwamba yenyewe hayaombi barua ya ruhusa. Mwenzangu alicheka mpaka tukaingia garini.

Wasomaji wapendwa, kama mmetembea masoko mengine, tuandikieni mlete karatasi kwa viongozi wa kijiji chenu. Tuambieni bei mlizozikuta na ujanja mlioukuta, tuweke hapa ili mwingine asidanganywe. Mpaka mwezi ujao, kaeni na amani, na msisahau: macho kwanza, mfuko baadaye.