Tarehe kwa Simu Yako Ilianza na Mtu Aliyekataa Jina

Angalia simu yako. Hapo juu kuna tarehe, na hiyo tarehe iko na mwaka. Nani aliamua tuanze kuhesabu pale tulianza? Wengi tunafikiria Yesu alizaliwa, watu wakaandika "mwaka wa 1", wakaendelea hivyo mpaka leo. Zii. Kwa zaidi ya miaka 500 baada ya Yesu, hakuna mtu alikuwa anahesabu hivyo.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo usinitarajie na digrii ya historia. Lakini hii stori nimeifuata mpaka mwisho, na nina maoni.

Zamani hizo miaka ilikuwa ya watawala. Mmoja wao ni Diocletian, kaizari wa Roma aliyeanza kutawala mwaka 284. Kuanzia 303 alitoa amri makanisa yabomolewe na vitabu vya Wakristo vichomwe, na wengi wakauawa. Sasa sikia maajabu. Kule Alexandria, Misri, Wakristo wakipiga hesabu ya tarehe ya Pasaka walitumia miaka ya huyo huyo Diocletian. Yaani unatafuta siku ya kusherehekea ufufuko, na kwa karatasi yako kuna jina la mtu aliyeua watu wako.

Mwaka 525, kule Roma, mtawa mmoja alikuwa anaandaa jedwali jipya la Pasaka, maana la zamani lilikuwa karibu kuisha. Alijiita Dionysius Exiguus, yaani Dionysius mdogo. Kazi aliifanya, lakini jina akalikataa. Aliandika waziwazi kwamba hataki kuendeleza kumbukumbu ya mtesaji, afadhali ahesabu miaka kutoka kwa Kristo. Jedwali la zamani liliishia mwaka 247 wa Diocletian. Lake likaanza mwaka 532 wa Bwana. Hivyo tu.

Hesabu yenyewe haikuwa safi sana. Dionysius hakueleza alifikaje kwa hiyo 525. Injili ya Mathayo inasema Yesu alizaliwa Herode akiwa mfalme, na wanahistoria wengi wanakubaliana Herode alikufa mwaka 4 KK. Kumbe Kristo alizaliwa Kabla ya Kristo! Majirani zetu Waethiopia nao walipiga hesabu yao tofauti, ndio maana walikaribisha mwaka 2000 Septemba 2007, sisi tukiwa tushausahau.

Na haikuenea mara moja. Mtawa mwingine, Bede wa Uingereza, aliitumia kwa kitabu chake cha historia mwaka 731, ikaanza kushika Ulaya polepole. Ureno iliichukua rasmi 1422. Maanake Vasco da Gama akitia nanga Malindi 1498, nchi yake ilikuwa imeitumia miaka 76 pekee. Waislamu wa pwani yetu wakati huo walikuwa mwaka 903, wakihesabu kutoka Hijra, safari ya Mtume kuhamia Madina. Hawakuchagua kuzaliwa kwa mtu. Walichagua siku watu waliondoka penye mateso wakaanza upya.

Lakini walionishika zaidi ni Wakopti, Wakristo wa Misri. Hao hawakufuta miaka ya Diocletian. Hesabu yao bado inaanza 284, na Septemba 2024 waliingia mwaka 1741. Walichobadilisha ni jina. Wanaiita miaka ya Mashahidi. Namba ni zile zile, lakini mwenye mwaka si muuaji tena, ni waliouawa.

Utasema, "Wee, tarehe ni namba tu, zina shida gani?" Shida ni kwamba jina ukilirudia kila siku bila kufikiria, unaanza kuliona kama sehemu ya hewa. Hakuna anayeuliza liliwekwa na nani. Dionysius alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kunyamaza: kila mtu alikuwa ameshazoea.

Na sisi tunajua hii kitu. Tarehe 20 Oktoba ilikuwa Kenyatta Day, kwa sababu ya wale waliokamatwa 1952 hali ya hatari ilipotangazwa. Katiba ya 2010 ikaiacha siku pale pale, ikaiita Mashujaa. Kutoka kwa mtu mmoja ikawa ya wote, hata wale hawajawahi kuandikwa popote. Hiyo ni akili ya Wakopti kabisa.

Sasa kuna 25 Juni 2024. Vijana wa rika letu walitoka kupinga Mswada wa Fedha, na wengine hawakurudi nyumbani. Nasikia watu wakiiita "siku ya Mswada" ama "siku Bunge liliingiwa". Mimi sitaki. Mswada ni karatasi, na rais alikataa kuutia sahihi siku iliyofuata. Bunge ni jengo. Tukiita hivyo, baada ya miaka 20 mtoto wa shule atajua karatasi na jengo, na hatajua kuna mtu alikuwa na mama anamngojea na chakula.

Sisemi tuachane na kalenda. Uwe Mkristo, Mwislamu ama huamini chochote, risiti yako itaandikwa mwaka ule ule, na sina noma na hiyo. Ninachosema ni kwamba hata huo mwaka ulianza na mtu mmoja, mbele ya jedwali la hesabu, akasema hili jina siandiki.

Kwa hivyo hiyo siku mimi naiita ya Mashahidi. Hakuna gazeti la serikali linahitajika. Ukiitaja hivyo nyumbani, darasani na kwa matatu, itashika.