Nduthi Yako Inalala Wapi?

Ukienda kutafuta keja unauliza maji yanakuja siku gani, stima ni ya tokeni ama mnagawana, choo ni cha watu wangapi. Halafu unalipa diposi. Swali ambalo vijana wengi wa Kawangware na Kibera husahau ni hili: nduthi italala wapi?

Utalikumbuka siku utakayorudi Gatina saa tano usiku, keateka akuambie pikipiki haziingii tena ndani. Nani aliamua? "Landlodi amesema." Notisi hakuna. Na ploti ya pili wanaingiza, mradi umetoa kitu kidogo.

Tusidanganyane, jirani anayelalamika hana wivu. Korido za ploti za mabati ni nyembamba, watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Panga hapo nduthi tatu zenye petroli na mkokoteni mmoja, halafu moto uzuke saa nane usiku. Nani atatoka? Hata mchana, mtoto akishika ekzosi iliyotoka kazini anaungua.

Lakini kuiacha nje pia si jibu. Wengi wenu mnaendesha ya mkopo. Ikiibwa, deni linabaki. Kwa hivyo mtu analipia yadi yenye mlinzi, au anaiingiza chumbani na kulala na harufu ya petroli karibu na jiko.

Ajabu ni kwamba kando ya Kibera watu walishawahi kutengewa mahali pa mashua. Bwawa la Nairobi lilijengwa miaka ya 1950, na waliojiweza walikuwa wakija kuendesha mashua za tanga pale kujiburudisha. Leo limejaa taka na magugu. Mashua za starehe zilipata pa kukaa, na chombo kinacholeta unga nyumbani kinazungushwa usiku.

Kaunti haiwezi kusema hili haliihusu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti kazi ya trafiki na maegesho. Kanjo wanajua sana kukimbizana na nduthi katikati ya mji. Tungependa nguvu hiyo ionekane huku mtaani pia, kwa uwanja mmoja kila wadi wenye taa na mlinzi, kwa ada ambayo mtu wa boda anaweza.

Kabla hiyo ije, ongeeni kwenye ploti. Nyinyi wenye nduthi ketini na majirani na keateka: ngapi zinaingia, zinakaa upande gani, na njia ya kutoka ibaki wazi kabisa. Injini izimwe getini, isukumwe. Mkikubaliana, iandikwe na ibandikwe ukutani, ili mpangaji mpya aisome kabla ya kutoa pesa. Na mwenye ploti akitaka ada ya kulaza nduthi, sawa, atoe risiti, na aseme hapo hapo ikipotea nani atalipa.