Raga ya Wakulima wa Nyuzilandi



Mwezi huu tuyaache kidogo mahindi na mbolea. Vijana wa vijiji ninavyotembelea huniuliza swali moja mara kwa mara. Je, mtu anaweza kukaa kijijini, alime na kufuga, na bado aitwe kuichezea nchi yake? Wengi wao hujijibu wenyewe kwamba haiwezekani. Husema sharti kwanza mtu ahamie mjini.

Iko nchi moja ya mbali ambako jambo hilo hufanyika. Mkulima huitwa, huvaa jezi yenye jina la nchi yake, hucheza, halafu hurudi nyumbani kukamua ng'ombe. Nchi hiyo ni Nyuzilandi. Ni nchi ya visiwa, ng'ambo ya Australia. Ina watu kama milioni 5 tu. Lakini kondoo wake ni wengi kuliko watu, na maziwa yake huuzwa dunia nzima.

Mchezo wanaoupenda sana ni raga. Wasomaji wengine hawajauona, kwa hiyo nitaueleza kwa ufupi. Mpira wa raga si wa mviringo, umechongoka kama yai. Kila timu ina watu 15. Mchezo huchukua dakika 80. Mchezaji huushika mpira kwa mikono na kukimbia nao. Akitaka kumpa mwenzake kwa mkono, haruhusiwi kuurusha mbele. Lazima aurushe kando au nyuma. Akifika nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha mpira chini, timu yake hupata pointi 5. Wapinzani wana ruhusa ya kumkamata aliyeshika mpira na kumwangusha. Ni mchezo wa nguvu, na huwafaa watu waliozoea kazi za sulubu.

Timu kubwa ya taifa lile huitwa All Blacks. Huvaa nguo nyeusi tupu. Jina lake pengine umelisikia redioni. Lakini leo sisemi habari za All Blacks. Wale hulipwa mshahara, na mchezo ndiyo kazi yao. Nasema habari za timu nyingine ya nchi hiyo hiyo, iitwayo Heartland XV. Heartland maana yake ni moyo wa nchi, yaani sehemu za mashambani. Hizo herufi XV ni namba 15 kwa maandishi ya Kirumi. Wachezaji wake wote ni wa ridhaa. Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza bila mshahara. Siku za kazi anafanya kazi yake: huyu ni mfugaji, huyu mjenzi, huyu dereva, huyu mwalimu, huyu hunyoa kondoo.

Kwa nini waliunda timu ya namna hii? Zamani wachezaji wote wa raga walikuwa wa ridhaa, hata wale wa All Blacks. Mkulima wa jimbo dogo aliweza kuchaguliwa kama mtu wa mjini. Mwaka 1995 wakuu wa mchezo huo duniani waliruhusu wachezaji kulipwa. Tangu hapo fedha zikaenda kwenye miji mikubwa, na vijana wenye vipaji wakazifuata. Majimbo madogo yalibaki na watu wachache, na bado yalitakiwa kujipima na majirani wenye fedha. Wewe mfugaji unajua mambo haya. Ukimlisha ndama na fahali katika hori moja, ndama atalala na njaa kila siku, hata kama majani ni mengi.

Mwaka 2006 wakatenga hori. Nchi ile ina vyama 26 vya raga vya majimbo. Vyama 14 vikawekwa katika mashindano ya wanaolipwa. Vyama 12 vya mashambani vikapewa mashindano yao, yakaitwa Mashindano ya Heartland. Kila timu hucheza mechi 8. Kisha timu nne za juu hugombea Kombe la Meads. Nne zinazofuata hugombea Kombe la Lochore. Mwaka ule wa kwanza Kombe la Meads lilichukuliwa na Wairarapa Bush. Baadaye Whanganui walilichukua mara sita kati ya mwaka 2008 na 2017. South Canterbury wakalichukua mara tatu mfululizo, mwaka 2021, 2022 na 2023.

Sasa nifike kwenye jambo linalonivutia mimi kama bwana shamba. Mashindano hayo huanza mwezi wa Agosti na kumalizika Oktoba. Huko kusini mwa dunia, miezi hiyo ndiyo mwisho wa baridi na mwanzo wa joto. Majani yanachipuka. Kwa hiyo ndiyo miezi ambayo kondoo wanazaa na ng'ombe wanazaa. Hakuna wakati wa kazi nyingi kuliko huo kwa mfugaji wa kule.

Fikiri juu ya mtu mmoja mwenye kondoo elfu na zaidi. Wanazaa usiku na mchana, nje katika mvua na upepo. Yuko mama aliyekwama katika kuzaa. Yuko mwana-kondoo aliyekataliwa na mama yake, anatetemeka. Wa maziwa naye lazima akamue alfajiri na jioni, maana kiwele hakingojei. Mtu huyo akimaliza kazi zake, giza limeingia. Ndipo anaoga, anaingia garini, anakwenda mazoezi. Jumamosi ana mechi. Pengine mechi iko mbali sana. Timu ya Ruatoria, huko mashariki ya kisiwa cha kaskazini, ikipangiwa kucheza Oamaru katika kisiwa cha kusini, safari kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, na katikati kuna bahari ya kuvuka.

Sasa nani anakamua siku hiyo? Ukitaka kujua siri ya timu ya ridhaa, uliza swali hilo. Anakamua baba mzee. Anakamua mke, au dada, au jirani ambaye mwaka mwingine atasaidiwa yeye. Magazeti huandika majina ya watu 15 waliokuwa uwanjani. Waliobaki zizini hawaandikwi, na kwa maoni yangu mchezo huo ni wao pia. Nimeona vijijini kwetu jinsi kijana anavyosifiwa kwa goli alilofunga, na mama yake aliyemchungia mbuzi siku ya mazoezi hatajwi na mtu.

Hayo makombe mawili yana majina ya watu, na watu hao walikuwa wakulima.

Colin Meads alizaliwa mwaka 1936. Alikuwa mfugaji karibu na mji mdogo wa Te Kuiti, katika jimbo la King Country. Aliichezea All Blacks mechi 133 kati ya mwaka 1957 na 1971. Alikuwa mrefu na mgumu, wakamwita Msonobari. Watu husimulia kwamba alikuwa akipanda milima kwa mbio huku amekumbatia kondoo, mmoja kila kwapa, kuwa ndiyo mazoezi yake. Hadithi hukua kadiri inavyosimuliwa, lakini anayebeba kondoo kila siku hahitaji kununua vyuma vya mazoezi. Mwaka 1970, katika ziara ya Afrika Kusini, alivunjika mkono uwanjani akaendelea kucheza mpaka mwisho. Kijana wangu unayesoma haya, usiige hilo. Ukivunjika mkono nenda zahanati. Mwaka 2017 Te Kuiti walimsimamishia sanamu, na miezi miwili baadaye akafariki. Mji huo huo una sanamu nyingine kubwa sana, ya mtu anayenyoa kondoo. Ni mji unaojua nani anaulisha.

Brian Lochore naye alikuwa mkulima, wa jimbo la Wairarapa. Alikuwa nahodha wa All Blacks miaka ya 1960. Mwaka 1971 alikwisha kustaafu mchezo wa kimataifa, yuko shambani kwake. Timu ya Uingereza na Ireland ilikuwa ziarani, na wachezaji wa All Blacks waliumia. Ghafla alipigiwa simu aende Wellington kucheza kesho yake. Mkewe hakuwapo nyumbani. Lochore akachukua karatasi, akamwandikia maneno machache kwamba amekwenda Wellington, atacheza kesho, atapiga simu baadaye. Akaondoka. Mechi ile walishindwa. Lakini mwaka 1987, katika Kombe la Dunia la kwanza la raga, Lochore ndiye aliyekuwa mwalimu wa timu ya Nyuzilandi, na wakalichukua kombe kwa kuwafunga Ufaransa pointi 29 kwa 9. Ile karatasi ya jikoni bado inasimuliwa nchini kwao. Wewe uliyejifunza kuandika juzi, unaona kwamba si lazima maandishi yawe marefu ili yafanye kazi.

Turudi kwenye Heartland XV. Msimu wote waalimu huangalia mechi za majimbo 12. Kwa kawaida mwishoni hutaja wachezaji zaidi ya 20, pamoja na wa akiba. Watu hao wiki iliyopita walikuwa wakiangushana. Sasa wanavaa jezi moja. Wamewahi kucheza na timu ya klabu za Marist, ambayo nayo ni ya ridhaa. Mwaka 2019 walicheza na timu ya taifa ya Samoa katika uwanja wa Eden Park mjini Auckland, uwanja mkubwa kuliko wote nchini humo. Samoa walikuwa wanajiandaa kwa Kombe la Dunia, na ndio walioshinda. Lakini pima mwenyewe. Mtu wa kijiji cha pwani, aliyezoea uwanja wenye ng'ombe nyuma ya uzio, anasimama Eden Park mbele ya timu ya taifa.

Wako wanaosema kwamba mpango huu ni kuwaweka wakulima pembeni kwa maneno matamu. Wanasema zamani mtu wa King Country aliingia All Blacks moja kwa moja, na sasa amepewa timu ya pili ili anyamaze. Hoja hiyo si ya kudharau. Ni kweli kwamba siku hizi kijana wa jimbo dogo anayetaka mshahara wa raga lazima ahame. Ni kweli pia kwamba timu za mashambani zikigombea ngao ya zamani iitwayo Ranfurly, ambayo majimbo yote huigombea, kwa kawaida hupigwa sana na wanaolipwa. South Canterbury waliitwaa ngao hiyo mwaka 1974, lakini nyakati zile wote walikuwa wa ridhaa. Hata hivyo mimi naona kutenga hori kulikuwa bora kuliko kuacha. Bila ya mashindano yao, nadhani baadhi ya vyama vile vingekwisha kufungwa.

Maana shida kubwa ya vijiji vyao haikuanza na raga. Mwaka 1982 nchi ile ilikuwa na kondoo wapatao milioni 70. Mwaka 1984 serikali yao ilianza kuondoa misaada ya fedha kwa wakulima. Bei ya sufu ilianguka. Viwanda vingine vya nyama vilifungwa. Mashamba mengine ya kondoo yaligeuzwa ya ng'ombe wa maziwa, mengine yakapandwa misonobari. Leo kondoo hawafiki milioni 26. Kondoo wakipungua, wachungaji hupungua, na wanyoaji pia. Shule hupungukiwa watoto. Mwisho klabu ya raga haifikishi watu 15.

Tazama jimbo la East Coast, ambalo makao yake ni Ruatoria. Ni eneo la Ngati Porou, kabila la Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Watu wake ni wachache kabisa. Mwaka 2012 walilichukua Kombe la Meads. Baada ya hapo mambo yaliwageukia. Walimaliza misimu kadhaa bila kushinda hata mechi moja. Kila mwezi wa Agosti walijua watakayokutana nayo. Hata hivyo walijiandikisha tena, wakapanda basi, wakaenda. Watu wa kwao waliendelea kuja uwanjani kuwatazama, na wachezaji wao waliofanya vizuri waliendelea kutazamwa na waalimu wa Heartland XV kama wa timu nyingine, maana wanaochagua humtazama mchezaji mwenyewe.

Toleo lijalo nitaeleza jinsi ya kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani.

Wako,
Bwana Shamba