Mgawaji akikosea karata, nani anaumia?

Wasee, tuongee kuhusu karata za pesa. Simaanishi ile ya kupiga kelele "niko kadi" tuliyocheza shuleni. Namaanisha poka ya karata mbili mkononi na tano mezani, ile tuliyojifunza YouTube na sasa inachezwa usiku kwa bedsita za Nyeri, Karatina na Nanyuki.

Bonasi ya majani chai ikitoka Oktoba, dau hupanda. Jumamosi moja tulikuwa sita, na mezani kulikuwa na 2,300. Jamaa wa Othaya alikuwa ameweka 800, na sote tulijua ni za bonasi ya mamake. Kabla mchezaji wa mwisho hajasema kama analipa au anatupa, mgawaji akafungua karata ya nne. Kopa! Jamaa wa Othaya akawa na kopa tano, akanyoosha mkono achukue pesa. Mwingine akaushika huo mkono. Mgawaji, ambaye naye alikuwa na karata zake, akaamua mchezo ufutwe na kila mtu arudishiwe chake. Ngumi hazikurushwa, lakini wawili hao hawakusalimiana mpaka Krismasi.

Nani alikuwa na haki? Hakuna. Kwenye kasino zinazojua kazi yao, kosa kama hilo lina dawa inayojulikana. Karata iliyofunguliwa mapema inawekwa kando. Wachezaji wanamaliza kuweka dau. Mgawaji anatupa moja kifudifudi kama kawaida, kisha anafungua ile ambayo ingekuwa ya tano, nayo inakuwa ya nne. Dau likiisha tena, ile ya kando inarudishwa kwa zilizobaki, zinachanganywa, na ya tano inafunguliwa bila kutupa nyingine. Kwa hivyo kopa ya jamaa haikupotea kabisa. Ilikuwa bado na nafasi ya kurudi. Na aliyekuwa na karata nzuri tangu mwanzo hakufutiwa mchezo kwa kosa lisilo lake.

Makosa mengine pia yana njia. Karata moja ikifunuka wakati wa kugawa, kwa kawaida mwenyewe anapewa nyingine, na iliyofunuka inakuwa ya kwanza kutupwa. Zikifunuka mbili, mgao unarudiwa. Lakini wachezaji wawili wakishaweka pesa, huwezi tena kudai mgao ulikuwa mbovu. Ukiona kosa, sema papo hapo, kwa sababu karata zikianza kuchanganywa kwa mchezo unaofuata, haki yako ya kulalamika imekwisha. Na ukiacha karata zako wazi mgawaji azizoe akidhani umetupa, hasara ni yako. Weka ufunguo juu yake.

Jambo kubwa zaidi ni nani anaamua. Kasino ina msimamizi asiye na shilingi mezani. Mgawaji akikosea, anaitwa. Sisi tulimwachia aliyekosea ajihukumu, na pesa zake zikiwa kwenye fungu lilelile.

Hapo ndipo sheria inaingia. Kwa karibu miaka 60 kamari Kenya iliongozwa na sheria ya 1966. Agosti 2025 Rais Ruto alitia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, inayoleta mamlaka mpya badala ya bodi ya zamani, BCLB. Kasino yenye leseni ikikuonea, una mahali pa kupeleka malalamiko. Bedsita haina leseni. Utaenda kituo cha polisi kusema nini? Kwamba umedhulumiwa kwenye mchezo ambao wewe mwenyewe hukupaswa kucheza? Utajipeleka seli. Ndiyo maana kelele zetu huishia kwa ngumi au kwa kununiana.

Kuna mtu ataniambia, basi tucheze Aviator kwa simu, kule hakuna mgawaji wa kukosea. Ni kweli hutamwona. Lakini mezani angalau niliona karata ikifunguliwa mapema nikasema "ngoja". Kwa simu utaambia nani angoje?

Siwezi kumhubiria mtu aache. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, sina mimbari. Ila nimeona 800 za mama zikigeuka kesi. Kama lazima mcheze, chezeni za njugu au za soda. Andikeni sheria kwa karatasi kabla ya karata kuguswa. Na chagueni mmoja asiyecheza usiku huo, awe ndiye wa kuamua. Sisi sasa tunapokezana hiyo kazi, na jamaa wa Othaya ndiye aliyekaa kwanza. Alikataa kugawa hata karata moja, lakini uamuzi wake haukupingwa.